Theluji ya Aprili huamuliwa usiku

Dada mmoja mwenyeji wa Tanga, anayefanya kazi Munich, ameniandikia swali refu ambalo nalifupisha hivi. Aprili mwaka jana alikwenda na marafiki kuskii kwenye barafuto (uwanda wa barafu ya kudumu mlimani) ya Stubai, Austria. Saa 3 asubuhi theluji ilikuwa imekakamaa, skii zinakwaruza kwa kelele na magoti yanauma. Saa 5 ikalainika, akateleza kwa raha ambayo hajawahi kuionja. Saa 8 mchana, kwenye njia ileile, skii zikanasa ghafla akaanguka kifudifudi. Marafiki wakamjibu tu kwamba ndiyo machipuko hayo. Sasa anataka kurudi na mwanawe wa miaka 12. Anauliza ni nini hasa kinachobadilika, siku aipangeje, kama ni kweli maporomoko ya theluji huja mchana, kama losheni ya jua inamhusu mtu mweusi, na achague wiki ipi: katikati ya Machi au wiki ya tatu ya Aprili.

Dada, pole kwa kuanguka. Hukukosea njia wala hukusahau ulichofundishwa. Theluji uliyoikanyaga saa 3, ya saa 5 na ya saa 8 zilikuwa theluji tatu mbalimbali, kila moja na tabia yake. Watu wengi wakipanga safari ya machipuko huangalia utabiri wa joto la mchana. Sisi tunaofundisha kuskii huku Tirol, jimbo la Austria lenye Stubai, tunauliza kwanza usiku ulikuwaje, maana usiku ndio unaoamua kama kesho kutakuwa na asubuhi ya maana au la.

Theluji ya Januari ni kavu. Kati ya chembe na chembe kuna hewa, maji hakuna. Hadi mwisho wa Machi mambo yamegeuka kwa sababu jua limepanda. Hapa Innsbruck, siku iliyo fupi kuliko zote mwezi Desemba, jua la adhuhuri hufika nyuzi 19 hivi tu juu ya upeo wa macho. Machi 21 linafika nyuzi 43, na wiki ya tatu ya Aprili linakaribia 54. Kwa aliyekulia Tanga, ambako jua la adhuhuri liko juu mwaka mzima, ni rahisi kuidharau tofauti hiyo. Kwa theluji ndiyo kila kitu.

Jua hilo likiipiga theluji, tabaka la juu huyeyuka kidogo na maji hupenya kati ya chembe. Chembe ndogo zenye ncha huisha kwanza, kubwa zinazidi kukua na kuviringika. Usiku ukiwa wa baridi, maji yaliyobaki kati yao huganda na kuzishikamanisha. Mchana unaofuata zinaachiana tena. Baada ya siku kadhaa za kuyeyuka na kuganda, mlima unakuwa na punje za mviringo za milimita moja au mbili, ambazo alfajiri ni bamba moja gumu. Hiyo ndiyo saa 3 yako. Ile saa 5 iliyokufurahisha ni pale sentimita moja hadi tatu za juu zilipokwisha kuachiana huku bamba la chini likiwa bado limeshika: skii inakata ulaini wa juu na kuegemea ugumu wa chini, na unageuka bila kutumia nguvu. Wenyeji huiita Firn. Kuna watu wanaoisubiri mwaka mzima, nami ni mmoja wao. Ikifika saa 8, maji yamepenya chini zaidi, bamba limekwisha nguvu, na kilichobaki ni rojo.

Kwa nini basi nasema usiku ndio mwamuzi? Kuyeyusha kilo 1 ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri kunahitaji kilojuli 334, joto ambalo lingetosha kuyapandisha maji hayohayo kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Joto lote hilo lililoingia mchana lazima litoke tena usiku ndipo maji yagande. Hilo si jambo la dakika chache. Linataka saa nyingi, na linataka anga iliyo wazi. Theluji ina tabia ya kumwaga joto lake kuelekea angani kwa mnururisho, yaani kwa miale isiyoonekana. Anga ikiwa tupu, nyota zinaonekana, uso wa theluji hupoa kuliko hewa inayougusa, na unaweza kuganda hata kama kipimajoto kinasoma nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri. Mawingu yakitanda, yanalirudisha joto chini, na theluji inalala imelowa. Nimeona asubuhi nyingi watu wakitoka hotelini wamefurahi kwamba kuna joto na hakuna upepo, wasijue kwamba kwa usiku ule wa mawingu siku yao ya kuskii ilikwisha kabla hawajaamka.

Jambo la pili ambalo wageni hawaliulizi ni ukavu wa hewa. Hewa ikiwa kavu, sehemu ya theluji hugeuka mvuke, na mvuke unapoondoka unachukua joto. Ni kazi ileile ya mtungi wa udongo unaopoza maji kwa kutoa unyevu. Ndiyo maana siku kavu yenye nyuzi 5 theluji inaweza kubaki imara hadi adhuhuri, lakini siku yenye unyevu mwingi, kwa nyuzi hizohizo, inalegea mapema: hapo mvuke wa hewani unatua juu ya theluji na kuiachia joto. Kwetu jambo hili lina mfano mkubwa. Kileleni Kibo, Kilimanjaro, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Innsbruck wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya barafu ya juu hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, kwa kuwa hewa ya kule ni kavu na ya baridi. Kugeuza barafu kuwa mvuke kunakula joto zaidi ya mara nane kuliko kuiyeyusha.

Kwa hiyo jioni kabla ya kwenda, fungua kurasa za vituo vya hali ya hewa vya milimani. Tirol vinavyo vingi, na baadhi huonyesha joto la hewa, joto la uso wa theluji na kiwango cha umande (kinachoonyesha ukavu wa hewa) kwa kila saa. Tazama mstari wa joto la uso wa theluji. Ukishuka chini ya sifuri mapema usiku na kubaki huko mpaka alfajiri, lala ukijua kesho ni njema. Ukikwama kwenye sifuri usiku kucha, maji hayakuganda vya kutosha. Mpeleke mtoto kuogelea.

Sasa kupanga siku. Usigombanie lifti ya kwanza. Sipendi kabisa desturi hii ya kuwatia watoto aibu kwa sababu hawakuwa juu saa 2 na nusu. Njia husawazishwa na mashine jioni wakati theluji bado laini, kisha mistari inayoachwa na mashine inaganda usiku. Asubuhi ni nzuri kwa mwenye kingo za chuma zilizonolewa na mapaja yenye nguvu. Kwa mtoto wa miaka 12 aliyekodi skii ni mateso kwenye magoti na ni hatari akianguka. Kunyweni chai taratibu. Halafu mfuate jua: miteremko inayoelekea mashariki hulainika kwanza, ya kusini inafuata, ya magharibi baadaye, na ya kaskazini mwisho. Mteremko mkali unaolikabili jua huwahi kuliko ulio tambarare. Angalia ramani ya njia, weka alama ya pande, na uhame nusu saa kabla theluji haijaharibika mahali ulipo. Kumbuka pia kwamba Jumapili ya mwisho ya Machi saa za Ulaya husogezwa mbele kwa saa moja. Theluji haijui hilo. Iliyokuwa tayari saa 4 wiki iliyopita, wiki hii kwa saa ya mkononi itakuwa tayari saa 5.

Stubai ina faida ya kimo. Uwanja unaanzia takribani mita 1,750 bondeni na kupanda hadi 3,210, na hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila ukipanda mita 1,000. Juu unaweza kukuta ubaridi wa msimu wa kipupwe na chini mabwawa ya maji siku hiyohiyo. Kosa la watu wengi ni kuteremka na skii mpaka bondeni jioni, wamechoka, njia imejaa mashimo na vichuguu vya theluji nzito, na wote wanashuka kwa pamoja. Shukeni na kebo. Tiketi umekwisha kuilipia, na hakuna mwalimu mwenye akili atakayekucheka.

Kuanguka kwako naweza kukueleza bila ya kuwepo. Saa 8 mchana vivuli vya miamba vimeanza kurefuka juu ya njia. Kwenye kivuli theluji imeanza kukaza, skii zinakwenda kasi. Hatua mbili mbele kuna jua, theluji imejaa maji, na chini ya skii kunafanyika tabaka la maji linalozinyonya. Skii zinapunguza mwendo ghafla, mwili wako hauna habari, unaendelea mbele. Ndipo unapokwenda kifudifudi. Dawa yake ni macho: ukiuona mpaka wa kivuli na jua unakuja, usiuvuke ukiwa katikati ya kugeuka. Nyoosha skii, kunja magoti na vifundo kidogo zaidi, uzito uwe miguu yote miwili sawasawa, ule mguu mmoja usitangulie sana, kisha ingia. Theluji nzito haitaki kona za ghafla wala breki za kukata. Inataka kona ndefu zenye subira. Na kwa kuwa ndiyo inayopinda magoti ya watu, waombe dukani wakague vifungio vya skii za mtoto, vinavyopaswa kuliachia buti akianguka, kwa uzito, urefu na umri wake wa sasa, sio vipimo vya mwaka jana. Mtoto wa miaka 12 hubadilika mwaka hadi mwaka.

Ukiwa hukohuko dukani uliza kama skii zimepakwa nta ya theluji ya joto. Inapunguza ule mnyonyo, ingawa haiuondoi. Usidanganywe kununua nta ghali zenye florini. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu limezipiga marufuku mashindanoni tangu msimu wa 2023/24 kwa sababu ya madhara yake kwa mazingira na afya.

Mwanao akipenda mashindano, mwambie pia siri ya wanaotengeneza njia za mbio mwezi wa Aprili: chumvi. Wanainyunyiza chumvi ya mawe juu ya theluji iliyolowa. Inayeyusha theluji kidogo, na kwa kuyeyuka huko joto linavutwa kutoka theluji ya jirani, ambayo maji yake yanaganda na kuwa gumu kwa muda. Kwenye theluji kavu haifanyi kazi, lazima maji yawepo. Na mwambie kwamba Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018 katika mchezo huuhuu. Watoto wetu wanahitaji kujua kwamba milima hii si ya wengine peke yao.

Maporomoko. Hapa nakuomba unisome polepole. Ni kweli kwamba theluji ya machipuko huporomoka zaidi kadiri mchana unavyosonga, kwa sababu maji yanalegeza vile vishikizo kati ya punje, na yakifikia tabaka dhaifu lililo chini yanaliondolea nguvu. Theluji mpya kavu inaweza kuwa na kilo 50 hadi 100 kwa mita 1 ya ujazo. Iliyolowa ina kilo mia tatu, mia nne, hata zaidi. Inakwenda polepole kuliko ile kavu, lakini ikikufunika imekubana. Dalili zake zinaonekana kwa macho: vidonge vya theluji vinavyobingirika vyenyewe kutoka miambani na kuacha mistari mteremkoni, na buti linalozama kupita kifundo ukivua skii na kusimama. Ukiona hivyo kwenye mteremko mkali, umechelewa kuondoka.

Lakini lipo poromoko lisilofuata saa. Mahali ambapo theluji imelalia nyasi laini, maji yakifika chini kabisa, theluji yote huanza kuteleza juu ya ardhi taratibu na kupasuka nyufa ndefu za kahawia. Ufa huo unaweza kukaa wiki kadhaa bila kitu, au ukaachia usiku wa manane, au saa 3 asubuhi kwenye baridi. Hakuna anayeweza kukuambia lini. Kwa hiyo ukiona ufa wa namna hiyo, usipumzike chini yake, usile sandwichi chini yake, usimngojee mtu chini yake, hata kama kumeganda vizuri.

Ndani ya njia zilizo wazi kuna watu wanaofanya kazi ya kulinda usalama wako tangu kabla ya alfajiri, na wakiifunga njia mchana ujue wameona jambo. Tii hapohapo. Uliandika kwamba marafiki hupenda kukatiza pembeni ya njia alasiri ili kuifuata theluji isiyoguswa. Ukiwa na mtoto, jibu langu ni hapana. Maporomoko mengi huanzia kwenye miteremko inayozidi nyuzi 30, na kwa jicho la mgeni nyuzi 30 huonekana ni kamteremko tu. Taarifa ya pamoja ya maporomoko ya Tirol na ya majirani wa upande wa Italia, Tirol Kusini na Trentino, hutoka kila siku ya msimu saa 11 jioni, ikitumia ngazi za hatari 1 hadi 5, 5 ikiwa ya juu kabisa, na machipuko mara nyingi hutoa ramani mbili, ya asubuhi na ya mchana. Ukiona asubuhi 1 na mchana 3, hapo umesomewa habari yote ya siku. Weka kwenye simu namba 140 ya uokoaji wa milimani Austria, na 112 inayofanya kazi Ulaya nzima. Na njia zikishafungwa jioni, msibaki juu yake. Mashine za kusawazisha hushikiliwa kwa kamba ndefu za chuma zinazokatiza mteremko, hazionekani gizani, na zimeshaua watu.

Losheni inakuhusu, dada. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na theluji mpya huirudisha juu hadi asilimia 80. Ngozi yetu ina kinga zaidi, hilo kweli, lakini si kinga kamili, na midomo, sehemu ya chini ya pua na kidevu hupigwa na miale inayotoka chini. Macho hayana rangi ya kuyakinga. Jicho lililoungua kwa theluji halisemi kitu mchana. Usiku ndipo linapoanza kuwasha kana kwamba limeingiwa mchanga, machozi yanatoka na mwanga hauvumiliki. Lenzi ya jicho la mtoto hupitisha miale mingi kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo kama fedha ni kidogo, nunua miwani nzuri ya mtoto kwanza. Miwani ya jua hupangwa kwa makundi, na namba ikipanda kioo ni cheusi zaidi: kundi la 3 linatosha siku nyingi, la 4 ni la juu barafutoni, ila la 4 usilivae ukiendesha gari. Mawingu membamba yasikudanganye mkavua.

Kuhusu wiki: watu hudhani katikati ya Machi theluji ni nyingi kuliko Aprili. Bondeni ndivyo. Juu ya mita 2,500 mara nyingi theluji hufikia kina chake kikubwa Machi, Aprili, hata Mei. Kinachoiharibu Aprili ni usiku wa mawingu, na wakati mwingine vumbi. Vumbi la Sahara hupelekwa na upepo mpaka Alps, kama Februari 6, 2021, na tena katikati ya Machi 2022, anga ikawa ya rangi ya chungwa. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua. Ikivaa vumbi inakunywa joto zaidi na kuyeyuka mapema. Hata vumbi lililofukiwa hufunuliwa tena theluji ya juu inapoisha, ndiyo ile michirizi ya kahawia uliyoiona pembeni mwa njia.

Kama mngekwenda kwenye uwanja wa chini, wenye kilele cha mita 1,800 au 2,000, ningekuambia Machi bila kusita. Kwa Stubai, na kwa mtoto ambaye bado anajenga ujasiri, chukua wiki ya tatu ya Aprili: siku ndefu, baridi haimkatishi tamaa, na miteremko ya juu inayoelekea kaskazini inawabakishia theluji nzuri mpaka adhuhuri. Weka nafasi ya malazi inayokubali kubadilishwa, uende siku nne uskii tatu, na ile ya kupumzika usiipange mapema. Ipangie siku inayofuata usiku wa mawingu.